Jackie Robinson: Jamaa wa Namba 42 Aliyeacha Chuo Juu ya Doo, Kisha Akasaidia Wakenya Kupanda Ndege

Kama uko stage ya Sotik unangoja matatu ya Kericho ijae, tulia hapo dirishani. Stori ya leo itakufikisha Kapkatet kabla hujagundua.

Najua kwetu huku mambo ni mbio na boli. Mtoi akizaliwa, watu wanaanza kuangalia kama miguu ni mirefu. Besiboli hakuna anayecheza, na ukiuliza mtaani wengi wanajua tu kofia. Lakini hebu cheki hiyo kofia vizuri. Ile ya herufi L na A zimepandana, yenye makanga wanavaa kutoka Bomet hadi Nairobi, ni ya timu inaitwa Dodgers. Ile ya N na Y ni ya Yankees, mahasimu wao wa damu. Wasee wawili wanaweza kukaa kiti kimoja kwa matatu na hizo kofia bila kujua wamebeba vita ya zaidi ya miaka 80.

Sasa hiyo timu ya Dodgers ilikuwa na jamaa mmoja ambaye maisha yake yaligusa Kenya kabla hata tupate uhuru. Anaitwa Jackie Robinson. Wengi wanamjua kama mtu mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi kwenye besiboli. Mimi kenye kilinivuta ni kingine: alitoka chuo bila digrii juu ya doo. Mimi pia niliacha koleji mwaka wa pili, karo imegoma, nikarudi nyumbani na begi na aibu. Kwa hivyo hii stori sikuandikii kama mwalimu. Nakuandikia kama mtu ilimshika.

Mtoto wa shamba la wenyewe

Jackie alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji wa Cairo. Si ile ya Misri, hii ni ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Babu yake mzaa mama alizaliwa mtumwa. Wazazi wake walikuwa wanalima shamba la mzungu, wanagawana mavuno na mwenye shamba, na mwenye shamba ndiye anashika hesabu. Kama umelelewa karibu na estate za majani chai, hiyo hesabu huhitaji kuelezewa.

Buda yake alitoka nyumbani Jackie akiwa mtoto mchanga, hakurudi. Mathe, Mallie, akabaki na watoto watano. Mwaka wa 1920 akawabeba wote akapanda treni mpaka Pasadena, California, kutafuta maisha. Alifanya kazi za nyumba za watu, kufua na kusafisha, hadi familia ikapata nyumba kwa mtaa wa wazungu. Majirani walijaribu kuwatoa. Mathe hakutoka.

Ndugu mkubwa, Mack, alikuwa moto. Olimpiki ya Berlin 1936 alishika namba mbili kwa mita 200, nyuma ya Jesse Owens. Akarudi Pasadena na medali ya fedha, na kazi aliyopata ilikuwa kufagia barabara. Jackie aliona hiyo akiwa na miaka 17. Fikiria unajua una kipaji, halafu unaona ndugu yako na medali ya Olimpiki shingoni na ufagio mkononi.

Lakini hakuacha. Aliingia chuo cha UCLA pale Los Angeles na akachezea chuo michezo minne: besiboli, basketiboli, futiboli ya Kimarekani na riadha. Hakuna mwanafunzi wa UCLA alikuwa amefanya hivyo kabla yake. Mwaka wa 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani kwa kuruka mbali. Pale pale chuoni ndipo alikutana na Rachel, manzi aliyekuja kuwa mke wake.

Halafu 1941, masomo yakiwa karibu kuisha, akatoka. Aliona digrii haitamsaidia mtu mweusi kupata kazi ya maana, na mathe alikuwa anaumia na kazi za watu. Alitaka kuleta kitu nyumbani.

Basi la jeshi

1942 akachukuliwa jeshini, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimewaka. Akawa ofisa. Tarehe 6 Julai 1944, kwenye kambi moja ya Texas, dereva wa basi la jeshi akamwambia arudi nyuma kwenye viti vya weusi. Jackie alijua jeshi lilikuwa limekataza ubaguzi kwa mabasi yake, so akabaki amekaa. Hiyo ni miaka 11 kabla ya Rosa Parks kukataa kusimama kule Montgomery.

Wakampeleka kwa mahakama ya kijeshi. Maofisa tisa wakasikiza kesi na wakamwachilia. Alishinda, lakini weka hiyo akilini: huyu hakuwa mtu mpole. Ukimkanyaga, anakurudishia. Utaona kwa nini hiyo ni muhimu.

Dili ngumu kuliko zote

Wakati huo besiboli ya Marekani ilikuwa mbili. Kulikuwa na ligi kubwa za wazungu, na kulikuwa na ligi za weusi. Hakuna sheria iliyoandikwa iliyozuia mtu mweusi, lakini tangu miaka ya 1880 hakuna aliyekuwa amekubaliwa ligi kubwa. Mwaka wa 1945 Jackie alikuwa anachezea Kansas City Monarchs ya ligi ya weusi, dola 400 kwa mwezi, kusafiri usiku kucha kwa basi na kunyimwa chakula kwa hoteli za njiani.

Tarehe 28 Agosti 1945 akaitwa Brooklyn, New York, kwa ofisi ya Branch Rickey, mkubwa wa Dodgers. Siku hizo Dodgers walikuwa wa Brooklyn, hawajahamia Los Angeles. Walikaa kama saa tatu. Rickey alimtolea kila tusi ambalo angetolewa uwanjani, akaigiza kama shabiki, kama karani wa hoteli, kama mchezaji wa timu pinzani. Alikuwa anampima kitu kimoja: kama anaweza kutukanwa na kuumizwa na asirudishe. Mara moja tu akirudisha, wangesema watu weusi hawawezi, na mlango ungefungwa kwa wote waliokuwa nyuma yake.

Yule jamaa wa basi la Texas akakubali. Akasaini kupata dola 600 kwa mwezi, na mwaka wa 1946 akapelekwa timu yao ndogo ya Montreal, Canada. Huko akaongoza ligi kwa kupiga mpira, timu ikachukua ubingwa, na mashabiki wazungu wakamkimbiza barabarani kwa furaha, si kwa kumpiga.

Tarehe 15 Aprili 1947

Kabla ya msimu wa 1947, wachezaji kadhaa wa Dodgers walianza kuandaa karatasi ya kusema hawatacheza na mtu mweusi. Kocha Leo Durocher aliwaamsha usiku akawachamba, na karatasi ikafa.

Tarehe 15 Aprili Jackie akaingia uwanja wa Ebbets Field, namba 42 mgongoni, umri miaka 28. Watu 26,623 walikuwa ndani, na zaidi ya nusu walikuwa weusi. Mchezaji wa kwanza mweusi wa ligi kubwa katika enzi yote mpya ya besiboli.

Wengine hapa ndipo wangekudanganya alipiga mpira ukapotea mawinguni. Hapana. Siku hiyo hakupiga hata moja ya maana. Lakini zamu moja aliugonga mpira pole tu, akakimbia kama mwizi wa Kaplong siku ya soko, wapinzani wakachanganyikiwa wakarusha vibaya, akafika. Muda kidogo akarudi nyumbani na pointi iliyowaweka Dodgers mbele. Wakashinda 5-3.

Kama hujui mchezo, kumbuka rounders ya wasichana primo. Mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, halafu anazunguka vituo vinne. Ukirudi pale ulianzia, hiyo ni pointi. Hakuna zaidi.

Wiki moja baadaye wakaja Phillies kutoka Philadelphia. Kocha wao, Ben Chapman, na wachezaji wake wakaanza kumtukana Jackie kutoka kwa benchi, matusi ya rangi, mchezo mzima. Baadaye Jackie mwenyewe alikiri kuwa hiyo siku ndiyo ilimkaribia sana kuvunjika. Alitamani kutupa gongo, aende pale akamtandike mtu, aachane na mambo yote. Badala yake akapiga mpira, akaiba kituo cha pili, akasonga mpaka cha tatu, mwenzake akapiga, akarudi. Mechi iliisha 1-0. Pointi ya pekee ilikuwa yake.

Matusi yalikuwa mabaya hadi wenzake waliokuwa wanamtilia shaka wakaanza kumtetea. Chapman akaja kulazimishwa kupiga picha naye. Hawakusalimiana hata kwa mkono. Walishika gongo moja, kila mtu upande wake.

Mwaka huo akapata tuzo ya mchezaji bora mpya. Julai, Larry Doby akaingia Cleveland. Dodgers wenyewe wakaleta Roy Campanella 1948 na Don Newcombe 1949. Mlango haukufungwa tena.

Mwaka wa 1949 Rickey akamwambia ile dili imeisha, sasa awe yeye mwenyewe. Jackie akaanza kujibu waamuzi, kujibu wapinzani, kujibu magazeti. Ghafla wale waliomsifu kwa upole wakasema ana kiburi. Mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Siku aliiba nyumbani

Dodgers walikuwa na mkosi wa fainali. Kabla ya 1955 walikuwa wameshafika fainali kubwa mara saba na kupoteza zote, nyingi kwa Yankees. Shabiki wa Gor ama Ingwe aliyekaa miaka bila kombe anaelewa huo uchungu, sasa zidisha.

Fainali ya 1955, Yankees tena. Jackie alikuwa na miaka 36, nywele zinaingia mvi, magoti yanalia. Mechi ya kwanza, tarehe 28 Septemba, alikuwa kituo cha tatu. Elewa kitu: kuiba kituo ni kukimbia kabla mpira haujapigwa. Kuiba nyumbani ni wazimu, juu mpira unarushwa pale pale unakimbilia, na kuna mtu amekaa anaungoja akuguse nao. Jackie akachomoka. Akateleza na mguu mbele, vumbi, Yogi Berra wa Yankees akamgusa, mwamuzi akasema amefika. Berra aliruka juu kwa hasira, na alibishana kuhusu hilo tukio hadi uzeeni.

Mechi hiyo Dodgers walipoteza. Lakini mzee alikuwa amewaonyesha kwamba Yankees wanaweza kuguswa. Tarehe 4 Oktoba, mechi ya saba, Brooklyn wakachukua ubingwa wao wa kwanza. Jackie hakucheza siku hiyo, alikuwa benchi. Mtaa mzima ulilia na kucheza barabarani.

Mwisho wa 1956 timu ikamuuza kwa Giants, wapinzani wao wa mji. Alikuwa ameshaamua kustaafu. Akaenda kuwa makamu wa rais wa kampuni ya kahawa, Chock full o'Nuts, na hakukuwa na mtu mweusi mwenye cheo hicho kwa kampuni kubwa ya Marekani. Kipindi hicho pia daktari akamwambia ana kisukari.

Hapa ndipo Kenya inaingia

Mwaka wa 1959 Kenya bado ni koloni. Chuo kikuu cha maana kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki ni Makerere, na nafasi ni za kuhesabu. Tom Mboya, kijana wa miaka 28, anazunguka Marekani akiomba vyuo viwape vijana wa Kenya nafasi. Vyuo vinakubali. Shida inabaki moja, na ni ile ile unayoijua: barua ya chuo iko mkononi, nauli hakuna.

Nyumbani watu walichanga kwa harambee na karamu za chai. Lakini ndege kutoka Nairobi hadi New York si pesa ya karamu. Ndipo Wamarekani watatu weusi maarufu wakaweka sahihi kwa barua ya kuomba umma uchange: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier, na Jackie Robinson.

Pesa ikaingia. Septemba 1959 ndege ikabeba vijana 81 kutoka Nairobi hadi New York.

Mwaka uliofuata waliongojea walikuwa wengi zaidi, na siasa ikaingilia. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, Kennedy dhidi ya Nixon. Jackie alikuwa upande wa Nixon, akasukuma serikali itoe pesa ya ndege. Mboya akaenda kwa Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Kambi mbili zikagombana nani aonekane mwema. Jackie alichagua upande ulioshindwa, na baadaye mambo ya Nixon yalimuudhi pia. Lakini ndege ziliruka. Kwa hiyo safari ya 1960 kulikuwa na msichana wa Nyeri anayeitwa Wangari, yule tulikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, wa Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Hadi 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki na Kati walikuwa wamepitia mpango huo. Walirudi wakawa madaktari, walimu, mawaziri na wahadhiri wa nchi mpya.

Sasa rudi nyuma kidogo. Huyu ni mtu aliyeacha chuo juu ya pesa. Hakuwa amekanyaga kwetu. Hakujua Sotik ni wapi. Na aliweka jina lake ili watoto wa watu asiowajua wasikwame pale alikwama.

Bei aliyolipa

Usidhani iliisha kwa raha. Aliandamana na Martin Luther King, alisaidia kuanzisha benki ya watu weusi pale Harlem mwaka wa 1964, aliandika magazetini, aligombana na kila upande. Mwanawe wa kwanza, Jackie Junior, alirudi kutoka vita vya Vietnam na jeraha na uraibu wa dawa. Akapambana, akapona, akaanza kusaidia waraibu wengine. Juni 1971 akafa kwa ajali ya gari, miaka 24.

Kisukari nacho kilimla. Tarehe 15 Oktoba 1972, Jackie aliitwa kwenye fainali pale Cincinnati kuheshimiwa, miaka 25 tangu aingie. Alikuwa karibu haoni. Angeweza kushukuru na kukaa. Alishukuru, halafu akasema mbele ya runinga kuwa angefurahi zaidi siku ataona kocha mkuu mweusi. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 53 tu. Kocha mweusi wa kwanza, Frank Robinson, alianza kazi Cleveland 1975. Si ndugu yake, ni jina tu.

Rachel hakujenga sanamu. Mwaka wa 1973 alianzisha wakfu wa kulipia vijana chuo. Mwana mwingine, David, alihamia Tanzania miaka ya 1980, akalima kahawa upande wa Mbozi pamoja na wakulima wa kijiji. Kwa hivyo mjukuu wa wakulima wa Georgia aliishia kushika jembe Afrika Mashariki, kwa shamba ambalo hesabu yake anashika mwenyewe.

Tangu 1997 hakuna timu ya ligi kubwa inayoruhusiwa kumpa mchezaji mpya namba 42. Kila tarehe 15 Aprili, wachezaji wote wa timu zote wanaivaa. Na mwaka wa 2022 Dodgers, hao hao, walisaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Sasa nakuacha na hii. Bonasi ya majani chai ikiingia, kila kijiji huku kiko na mtoi mmoja ameficha barua ya chuo chini ya godoro juu hataki kusumbua wazazi. Mimi nilikuwa yeye. Huhitaji kuwa staa ndio umsaidie. Jackie alianza na sahihi kwa barua moja. Wewe unaweza kuanza na kuuliza kama hiyo barua iko.

Na ukishuka Kapkatet, kama umevaa ile kofia ya LA, ivae vizuri.